Dirisha la nyumba ya mlimani: Zuia upepo bila kumziba mtoto pumzi

Mwezi wa sita ukishaingia, mkazi wa Makambako hahitaji kalenda. Upepo unamjulisha. Bati linalia usiku kucha, pazia linacheza ilhali dirisha limefungwa, na asubuhi meza iliyofutwa jana ina vumbi jipya. Hali ni hiyo hiyo Njombe, Makete na Mufindi, na pia Singida, Lushoto, Ngong, Limuru na kwingineko ambako nyumba zimejengwa juu ya kilima au mahali pa wazi pasipo miti.

Chukua mfano wa familia moja ya baba, mama, bibi na watoto wawili, mdogo akiwa na miezi minane. Wamehamia nyumba yao mpya kilimani baada ya miaka ya kupanga mjini. Nyumba ni nzuri, ina madirisha mapana ya aluminiamu ya kusukuma pembeni, kama yale waliyoyaona kwa jirani wa Dar es Salaam. Wiki ya kwanza ya baridi, mtoto anaanza kukohoa. Bibi anashauri dirisha la chumbani lizibwe. Baba anapachika maboksi na nailoni, anakunja magazeti na kuyasokota kwenye nyufa. Chumba kinatulia, lakini bado ni baridi. Usiku wa tatu, jiko la mkaa linaingizwa ndani ili mtoto apate joto.

Hapo ndipo hatari inapoanza. Kila msimu wa baridi, kuanzia Nyanda za Juu Kusini hadi milima ya Kenya, hutokea habari za watu waliolala na jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa na hawakuamka. Majirani hulaumu jiko, na wana haki. Lakini mara nyingi kisa kilianza miezi mingi nyuma, siku dirisha lilipochaguliwa kwa kuangalia bei na sura bila kuuliza upepo wa pale unavuma vipi.

Dirisha baya mahali pa upepo humlazimisha mzazi aliwekee kizibo cha kudumu. Dirisha zuri ni lile analoweza kulifunga likakaza upepo ukizidi, na kulifungua bila woga hewa inapohitajika.

Upepo hauambukizi nimonia

Wazazi wengi huamini kwamba mtoto "akipigwa na upepo" ndipo anapata nimonia. Nimonia husababishwa na vimelea, yaani bakteria, virusi na wakati mwingine fangasi. Upepo peke yake hauna vimelea vya kumwambukiza mtoto.

Hata hivyo, nyumba yenye baridi ina madhara yake. Mtoto mchanga hupoteza joto haraka kuliko mtu mzima. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, WHO, kuhusu makazi na afya uliotolewa mwaka 2018 unapendekeza joto la ndani lisipungue nyuzi 18 za Selsiasi wakati wa baridi, na unasema watoto, wazee na wagonjwa huenda wakahitaji zaidi ya hapo.

Tatizo kubwa linakuja pale familia inapotafuta joto hilo kwa moshi. WHO inakadiria kuwa mwaka 2020 hewa chafu ya ndani ya nyumba, itokanayo na kupikia na kuota moto kwa kuni, mkaa na nishati nyingine chafu, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani. Zaidi ya 237,000 kati ya hivyo vilikuwa vya watoto wa chini ya miaka mitano. Shirika hilo linasema pia kwamba moshi wa ndani karibu huongeza maradufu hatari ya mtoto kuugua maambukizi ya njia ya chini ya hewa, ikiwamo nimonia.

Mkaa una hila nyingine. Ukishakolea na kuwa mwekundu, moshi hauonekani, na watu hudhani sasa ni salama. Kumbe ndipo unaendelea kutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushika nafasi ya oksijeni kwenye damu. Mtu husinzia, hulegea, na kama amelala hapati hata nafasi ya kujua kwamba anaumwa. Kuweka sufuria ya maji pembeni ya jiko hakuiondoi gesi hiyo, na kuacha dirisha wazi kidogo hakulifanyi jiko la mkaa liwe salama chumba cha kulala.

Upepo una uzito

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, inapotoa tahadhari, mara nyingi wasikilizaji husikia maneno "upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa". Kwa mvuvi maneno hayo yana maana kubwa. Kwa anayejenga nyumba yanaweza kupita sikioni tu, ilhali upepo huo unaweza kupimwa kwa kilo.

Chukua dirisha la mita 1.2 kwa mita 1.2, ukubwa wa kawaida sebuleni. Upepo wa kilomita 40 kwa saa ukilipiga moja kwa moja, unalisukuma kwa nguvu inayolingana na mzigo wa kilo 11 hivi. Upepo ukifika kilomita 80, mzigo hauwi kilo 22. Unakuwa karibu kilo 44. Ukifika kilomita 120, ni kama kilo 100, yaani gunia zima la mahindi limeegemezwa kwenye kioo chako.

Sababu ni kwamba kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo huongezeka mara nne. Kasi ikiongezeka mara tatu, msukumo huongezeka mara tisa. Hesabu hizo ni za usawa wa bahari. Milimani hewa ni nyepesi kidogo, hivyo msukumo hupungua kiasi, lakini faida hiyo humezwa haraka kwa sababu upepo unapopanda kilima hubanwa na kuongeza kasi ukifika kileleni. Nyumba ya kileleni hupigwa na upepo mkali kuliko ya bondeni, hata kama zinaonana.

Wahandisi wa umeme wanalijua hilo vizuri. Ndiyo maana mitambo ya umeme wa upepo imesimamishwa kwenye vilima vya Ngong na katika kaunti ya Marsabit, ambako mradi wa Ziwa Turkana una mitambo 365. Ukiona mitambo hiyo karibu na kiwanja chako, dirisha lako lina kazi.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wa mapaa wanalijua zaidi kuliko wenye nyumba. Dirisha la upande unaopigwa na upepo likivunjika, upepo hujaa ndani na kusukuma paa kwenda juu, wakati ule wa nje nao unalivuta bati juu. Nguvu mbili hizo zikikutana, paa linaweza kung'oka. Wapo wanaoamini kwamba wakati wa dhoruba ni vizuri kufungua madirisha ili upepo "upite". Si kweli. Wakati wa dhoruba, funga yote.

Ujue upepo wako kwanza

Kabla ya kwenda kwa fundi aluminiamu au seremala, tumia siku chache kiwanjani. Funga kitambaa chepesi au kipande cha nailoni kwenye mti mrefu na uangalie kinaelekea wapi asubuhi, mchana na usiku. Tazama miti ya zamani, kwa sababu mahali penye upepo wa kudumu, miti huinama upande mmoja. Waulize wazee wa pale, maana wao wanajua paa la nani liliwahi kuondoka na mwezi gani.

Katika sehemu kubwa ya Tanzania na Kenya, upepo wa katikati ya mwaka hutoka kusini na kusini-mashariki. Kwa hiyo ukuta unaotazama upande huo ndio unaopokea kipigo cha msimu wa baridi. Lakini bonde au mlima wa jirani unaweza kuugeuza upepo, na ndiyo maana kitambaa chako kiwanjani kina ukweli zaidi kuliko ramani.

Ukishaupata upande wa upepo, panga hivi: ukuta huo upewe madirisha machache na madogo, na madirisha makubwa yakae upande uliokingwa. Kama mandhari nzuri ya bonde iko upande wa upepo na hutaki kuikosa, weka kioo kisichofunguka, kinene na kilichogawanywa vipande, kisha hewa uitafute upande mwingine. Chumba cha mtoto, kama kuna uwezekano, kiwe upande uliokingwa.

Aina nne, tabia nne

Dirisha la kusukuma pembeni ndilo linalopendwa mijini. Halichukui nafasi na halipigwi na upepo likiwa wazi. Kasoro yake ni kwamba ili liweze kuteleza, lazima pabaki nafasi kati ya kioo na reli, na nafasi hiyo huzibwa kwa brashi laini tu. Upepo wa kilimani hupenya kwenye brashi, na mvua ya upepo hujaza reli ya chini. Mahali pa wazi, aina hii iwe chaguo la mwisho kwa ukuta wa upande wa upepo.

Dirisha la luva, lile la vipande vya vioo vinavyolala na kusimama, ni zuri sana kwa joto la Pwani na bonde. Kwenye kilima cha baridi ni shida, kwa sababu kila kipande kina ufa wake, na madirisha mengi ya aina hiyo hayakazi hata yakiwa mapya.

Dirisha la bawaba za pembeni linalofunguka kwenda nje linakaza vizuri. Likifungwa, bawa hukaa upande wa nje wa fremu, hivyo upepo unavyolisukuma ndivyo linavyozidi kubana mpira wake. Tatizo ni likiwa wazi, kwani upepo wa ghafla unaweza kulinyakua na kulibamiza ukutani. Lisifungwe bila mkono imara wa kulishikilia.

Dirisha lenye bawaba juu, linalofunguka kwa kusukuma chini kwenda nje, ndilo linalofaa zaidi nyumba nyingi za mlimani. Nalo hubanwa na upepo likifungwa, na likifunguliwa kidogo huwa kama kijipaa, hivyo mvua ya kawaida haiingii. Linafaa hasa likiwa dogo na limewekwa juu, karibu na dari.

Na dirisha la mbao? Halijapitwa na wakati. Mbao ngumu iliyokauka vizuri hupitisha baridi kidogo kuliko aluminiamu. Lakini mbao mbichi itapinda ndani ya msimu mmoja na kuacha ufa wa kidole. Kwa dirisha la mbao, kukauka kwa mbao ni muhimu kuliko urembo wa seremala.

Kioo, fremu na kitasa

Mteja akiuliza bei, mara nyingi fundi hupiga hesabu ya kioo chembamba ili asimpoteze. Uliza unene. Kioo cha milimita 6 kina nguvu zaidi ya mara mbili ya kile cha milimita 4 cha ukubwa huo huo, kwa sababu nguvu ya kioo hukua haraka kuliko unene wake.

Njia ya bei nafuu zaidi ni kupunguza ukubwa. Dirisha moja lililogawanywa kwa nguzo ya katikati kuwa vipande viwili lina vioo vinavyobeba nusu ya mzigo kila kimoja. Hakikisha tu nguzo hiyo yenyewe ni imara, maana ndiyo inayopokea msukumo kutoka pande zote mbili.

Kwa nyumba yenye watoto, aina ya kioo ina uzito sawa na unene. Kioo cha kawaida kikivunjika hutoa visu. Kioo kilichoimarishwa kwa joto kali, ambacho mafundi wengi hukiita tempa, huvunjika kuwa chembe ndogo butu. Kioo cha tabaka mbili chenye utando wa plastiki katikati, kama cha mbele ya gari, hupasuka lakini vipande hubaki vimeshikana, hivyo upepo hauingii ghafla. Kama fedha hazitoshi nyumba nzima, anza na madirisha yaliyo chini ambayo mtoto anaweza kuyagonga, na yale ya upande wa upepo.

Kubandika gundi ya karatasi kwa mtindo wa msalaba kwenye kioo hakuzuii kioo kuvunjika.

Fremu nayo haishikiliwi na plasta. Plasta huziba nafasi tu. Fremu inashikiliwa na skrubu ndefu au vyuma vilivyoingia kwenye tofali au zege. Kanuni inayofuatwa na mafundi wengi makini ni kuweka kishikizo karibu na kila kona, kama sentimita 15 hadi 25, kisha vingine kila sentimita 60 au chini ya hapo. Mwombe fundi akuonyeshe kabla plasta haijafunika.

Kwa bawa refu, kitasa kimoja katikati hakitoshi. Upepo utaukunja upande wa juu na wa chini mpaka usikie mluzi. Taka komeo mbili, juu na chini, au kitasa kinachofunga sehemu zaidi ya moja kwa mkono mmoja.

Maji nayo yasisahaulike. Ukingo wa chini wa dirisha uteremke kuelekea nje. Fremu za aluminiamu huwa na vitundu vidogo chini vya kutolea maji, na fundi asiyejua huvijaza silikoni akidhani anaziba upepo. Vikizibwa, maji hurudi ndani, ukuta unalowa, na ukungu unaota nyuma ya kitanda cha mtoto. Ukungu huo huchokoza pumu na kikohozi.

Anayenunua madirisha ya kiwandani yaliyoagizwa kutoka nje anaweza kuuliza cheti. Kipimo cha Ulaya cha ukinzani wa upepo kina madaraja ya 1 hadi 5. Daraja la 1 hupimwa kwa msukumo wa paskali 400, karibu kilo 41 kwa kila mita ya mraba. La 3 ni paskali 1,200 na la 5 ni 2,000. Kiwanda kidogo cha mtaani hakitakuwa na cheti hicho. Hapo maswali yako ya unene, skrubu, mpira na komeo ndiyo cheti.

Hewa itoke wapi?

Hili ndilo swali linalosahaulika upepo ukishazuiliwa. Watu wanne wakilala kwenye chumba kilichozibwa, hewa huchakaa, unyevu hupanda na vimelea vya mmoja huwafikia wote. Kifua kikuu huenea kwa urahisi katika vyumba vya namna hiyo.

Jibu ni kuichagua njia ya hewa badala ya kuiachia nyufa. Kila chumba cha kulala kiwe na tundu moja dogo linalofunguka, liwe juu, upande uliokingwa. Upepo unapoizunguka nyumba, upande uliokingwa huvuta hewa badala ya kusukuma, kwa hiyo hewa iliyochakaa hutoka bila mtoto kupulizwa usoni. Matundu ya hewa ya juu ya dirisha, yale ya tofali za matundu, yasifunikwe moja kwa moja. Kama yapo upande wa upepo na yanatesa, yawekewe kifuniko cha mbao kinachofunguka.

Kitanda cha mtoto kisiwe chini ya dirisha. Kiwe kwenye ukuta wa ndani, ambao pia huwa na joto zaidi.

Kila asubuhi, jua likitoka na upepo ukipungua, fungua madirisha ya pande mbili kwa muda ili chumba kibadilishe hewa yote.

Jiko linapaswa kuwa nje au kwenye jiko lenye bomba la kutolea moshi. Joto la usiku litafutwe kwa nguo za tabaka, soksi na kofia mtoto akiwa macho, blanketi lisilofunika uso, na kwa mtoto mchanga kabisa, ngozi kwa ngozi na mama au baba aliye macho.

Kama nyumba imeshajengwa

Si kila mtu ana fedha za kung'oa madirisha. Anza na udi. Siku ya upepo, funga dirisha, vuta pazia pembeni, washa kijiti cha udi na ukipitishe taratibu kuzunguka fremu. Moshi ukipinda ghafla, hapo pana ufa. Weka alama kwa chaki.

Kisha tumia karatasi. Ifungie kati ya bawa na fremu, halafu ivute. Ikitoka kirahisi, mpira umechoka au kitasa hakivuti. Kubadilisha mpira na brashi ni kazi ndogo isiyohitaji kuvunja ukuta. Nyufa kati ya fremu na ukuta zizibwe kwa silikoni upande wa nje, ukiviacha vitundu vya maji.

Kwa upande unaoteswa zaidi, ongeza mbawa za mbao nje ya kioo, kama zilizoko kwenye nyumba za zamani za Pwani. Zinafungwa usiku na wakati wa dhoruba, na zinafunguliwa mchana. Pazia zito linalogusa sakafu nalo husaidia.

Miti pia ni sehemu ya dirisha. Mstari wa miti yenye majani yanayopitisha upepo kidogo hupunguza kasi yake hadi umbali wa takriban mara 10 ya urefu wa miti hiyo. Ukuta mzima wa tofali hauzuii vizuri hivyo, kwa sababu upepo huruka juu yake na kuanguka upande wa pili ukizunguka. Usipande mti mkubwa karibu kiasi kwamba ukianguka utaangukia paa.

Mikono na miguu ya watoto

Dirisha linalobamizwa na upepo huvunja vidole. Fundisha watoto kutoweka mikono kwenye fremu, na weka vishikizo juu wasipofikia. Kwenye nyumba ya ghorofa, dirisha la mtoto lisifunguke zaidi ya sentimita 10 bila mtu mzima kulifungulia, na kitanda au kiti kisisogezwe karibu nalo. Wavu wa mbu hauwezi kumzuia mtoto asianguke.

Grili za wezi zina sharti lake. Angalau dirisha moja la kila chumba cha kulala liwe na grili inayofunguka kwa ndani, na ufunguo ukae mahali watu wazima wote wanapajua. Moto ukitokea mlangoni, dirisha ndilo mlango.

Dalili za kuangalia

Mtoto akikohoa au akiwa na mafua, mhesabie pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni za haraka. Kwa miezi 2 hadi 11 ni 50 au zaidi. Kwa mwaka mmoja hadi mitano ni 40 au zaidi. Ukiona hivyo, au sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Kwa kaboni monoksaidi, dalili ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kulegea na usingizi usio wa kawaida. Kinachoitofautisha na malaria au mafua ni kwamba huwashika watu kadhaa wa nyumba moja kwa wakati mmoja, na nafuu huja wakitoka nje. Watoe wote nje mara moja, jiko litolewe, na waende hospitali hata kama wamepata nafuu. Mjamzito asisubiri, kwa sababu mtoto aliye tumboni huathirika zaidi.

Turudi kilimani

Ile familia ya mfano wetu haina haja ya kubomoa nyumba. Jioni moja ya upepo inawatosha. Mama anamwita fundi na mazungumzo yao yanaweza kuwa mafupi tu.

"Fundi, chumba cha mtoto kinapitisha upepo. Nataka hili la kusukuma litoke."

"Mama, tunaweza kuongeza silikoni tu, itakusaidia."

"Silikoni utaweka ukutani. Hapa niwekee kioo kisichofunguka, cha milimita 6, ukigawe katikati. Halafu kule upande wa mgomba nifungulie dogo la bawaba za juu, karibu na dari. Na skrubu nizione kabla hujapiga plasta."

Bibi atauliza kwa nini watoboe tundu jingine wakati wanakimbia upepo. Ni swali zuri, na jibu lake ndilo linalopaswa kubaki kichwani mwa kila mzazi anayejenga juu ya kilima: upepo tunauzuia kwa dirisha linalokaza, na pumzi tunaipata kwa dirisha linalofunguka. Nyumba ikivikosa vyote viwili, mkaa utaingia chumbani.

Usiku huo maboksi yanatolewa, nailoni inakunjwa, na jiko linalala nje.